Maelekezo ya Kufika

Msichana aliingia bila kubisha hodi, akasimama katikati ya chumba, akauliza, "Namba saba ni nani hapa?"

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Ofisi ya utafiti ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na makelele ya watu wanaokata mabati yalipanda hadi dirishani. Ndani walikuwemo watatu tu. Dada wa mapokezi alikuwa akipaka rangi kucha kwa siri chini ya meza. Fundi wa kompyuta alikuwa ameziba masikio kwa muziki wake. Wa tatu alikuwa binti mmoja aliyepiga magoti mbele ya kabati, akipanga vishikwambi kwa namba zake, na huyo ndiye waliyemwita Dodoso. Jina hilo walimbandika wiki yake ya kwanza kazini, alipokuwa ametoka chuoni juzi tu, kwa sababu alikuwa hawezi kuruka swali hata moja. Wenzake wakihoji nyumba nane kwa siku, yeye alihoji nne, na bado alirudi akijilaumu kwamba kuna mtu hakumsikiliza vizuri.

"Namba saba ni mimi," alisema akiinuka na kujipangusa vumbi. "Karibu ukae, mdogo wangu."

Msichana hakukaa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, begi mgongoni, macho yamevimba kama ya mtu aliyesahau usingizi ni kitu gani. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza, akaishika kwa kidole kana kwamba ingeruka.

"Soma," alisema. "Kwa sauti. Si wewe uliyeandika?"

Dodoso akainama, akasoma. "Pita duka la rangi, kata kushoto kwenye nguzo iliyoinama. Geti la bati lenye kiraka chekundu. Usiligonge, litakuangukia. Simama ulipo, uite. Mama anashona sare za shule barazani."

Dada wa mapokezi akaangua kicheko. Dodoso naye alijikuta akitabasamu, maana geti lile alilikumbuka. Lilikuwa limemwangukia kweli, na mwenye nyumba alikuja mbio na sindano mdomoni, akamwomba radhi kabla hata hajajua ni nani.

"Nami nilicheka hivyohivyo," msichana alisema. "Nilitaka kumwita mwenzangu aje aone geti letu limekuwa maarufu. Sasa endelea mkono wa kulia."

Mkono wa kulia hakukuwa na maneno, ni tarakimu tu kwenye vyumba vyake. Watoto wanaoishi nyumbani, moja. Kati ya hao, uliowazaa mwenyewe, sifuri. Je, mtoto anajua, mbili. Dodoso hakuhitaji kuuliza mbili maana yake nini. Alikuwa amelibonyeza jibu lile kwa kidole chake mwenyewe. Mbili ni hapana.

"Huyo mmoja," msichana akasema, "ni mimi."

Fundi wa kompyuta, ambaye hakuwa amesikia lolote, alizitoa spika masikioni kwa kuona nyuso zao tu. Dodoso alirudi kwenye ile mbili, akaisoma tena.

Msichana akaeleza, na alieleza kwa sauti tulivu iliyotisha kuliko kilio. Alikuwa akisoma takwimu chuoni. Mwalimu wao aliwapa faili la utafiti wa malezi wa ofisi hii, lililokuwa wazi kwenye mtandao kwa yeyote anayetaka, awafundishe kutafuta wastani wa watoto kwa kila nyumba. Majina yalikuwa yameondolewa, mwalimu aliwahakikishia hivyo. Yeye, kwa udadisi tu, akaanza na mtaa wao. Kila mstari uliishia na namba ya aliyehoji, na juu ya faili kulikuwa na jina la ofisi. Basi akaja. Darasani walikuwa arobaini na mbili, na wote walikuwa na faili hilohilo.

"Ni kweli?" aliuliza.

Hapo Dodoso akaona shimo lote lilivyo. Maana kweli aliijua, na si ile ya kwenye karatasi tu. Mama Sare, kama mtaa ulivyomwita yule mshonaji, alikuwa amemsimulia yote mchana ule: mpangaji mwenzake, chumba cha jirani, aliyekwenda wodini kujifungua na hakurudi, kichanga ambacho hakuna ndugu aliyekuja kukichukua, na yeye mwenyewe, ambaye madaktari walikuwa wamekwisha kumwambia hatazaa, akihama mtaa na mtoto mgongoni ili asiwepo wa kunyoosha kidole. Hata jina la yule marehemu Dodoso alilijua. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na mwenye haki ya kulitaka alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake.

"Siwezi kukujibu," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Aliyeniambia yupo, mdogo wangu. Maneno ni yake. Nikikutolea hapa nitakuwa nimemwibia mara ya pili."

"Na mimi je? Mimi nimeibiwa mara ngapi?"

Msichana akaikunja karatasi yake. Alisema amelala kwa rafiki siku tatu, na nyumbani amedanganya kwamba ana mitihani. Alisema hawezi kurudi na hawezi kutorudi. Atamtazama vipi mama yake usoni, na atalianzia wapi jambo kama hili? Alipofika mlangoni aligeuka. "Usimwambie mtu kwamba nilikuja. Sitaki asikie kwamba nilijua kwa karatasi ya darasani."

"Sitasema," Dodoso akajibu, na msichana akashuka ngazi.

Mambo yalivyokuwa yalijulikana ndani ya nusu saa, na hayakuwa na fumbo lolote. Utafiti ulipokwisha, Dodoso ndiye aliyebakizwa kusafisha faili, kwa kuwa alikuwa mwangalifu kuliko wote. Wafadhili walituma orodha ya vitu vya kufuta: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, anwani. Alifuta jina. Alifuta simu. Alifuta vitambulisho. Anwani hakuikuta, maana mitaa aliyoizunguka haikuwa na namba za nyumba wala majina ya barabara, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "haipo," akaweka alama ya vema. Orodha ile ilikuwa imetungwa mahali ambapo kila mlango una namba. Hapa watu wanafikiwa kwa nguzo iliyoinama na geti linaloanguka, na ndiyo sababu kishikwambi kilikuwa na nafasi iliyoitwa maelekezo ya kufika. Msimamizi aliwaambia waiandike vizuri, kiasi kwamba mgeni asiyejua mtaa afike bila kuuliza mtu. Maelekezo ya Dodoso yalikuwa mazuri kupita ya wote. Yalisomwa mbele ya darasa la wadadisi wapya kama mfano.

Alifungua faili, akashuka nalo mstari kwa mstari, na kila mstari ulimpiga kofi. "Fundi redio anayetembea kwa gongo, chumba cha mwisho kushoto." "Nyumba ya yule mwalimu mstaafu, jirani na kisima, mlango wa bluu." "Mama mwenye mapacha, ng'ambo ya saluni." Mbele ya kila mmoja kulikuwa na mambo ambayo watu hao hawakuwahi kumwambia hata ndugu wa tumbo moja: nani anapigwa, nani hajui kusoma, nani alimwacha mtoto kwa bibi asirudi. Nyumba mia sita na kumi na mbili. Alikuwa ameyatoa majina kwa mikono yake, akajisifu moyoni, na watu wenyewe akawaacha wamesimama milangoni mwao.

"Limepakuliwa mara ngapi?" alimuuliza fundi wa kompyuta.

Fundi akabonyeza, akakuna kichwa. "Sitini na tatu." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani na hakujua kitu kingine cha kufanya na uso wake, akaongeza, "Angalau kuna watu wanasoma kazi zetu." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Aliliondoa faili mtandaoni.

Mkurugenzi alisikiliza yote, ya faili, ya chuo na ya Mama Sare, ila si ya msichana, akiwa amesimama. Walimwita Bosi, na hakuwa mtu mbaya. Miezi miwili iliyopita alimfadhili dada wa mapokezi nauli ya kwenda kumzika baba yake, na kila mdadisi mgonjwa alimpigia simu mwenyewe. Alipomaliza kusikia alikaa polepole kama mzee, akavua miwani. Akatazama ukutani, palipobandikwa bango kubwa lenye maandishi ya kijani: FARAGHA YA ANAYEHOJIWA NI DHAMANA YETU.

Kisha akatoa maagizo. Chuo kitaandikiwa barua leo, faili lifutwe kwenye kila mashine ya mwanafunzi. Kamati ya maadili itaarifiwa; inakutana baada ya wiki mbili. Hadi itakapoamua, hakuna mtu wa ofisi hii kumwendea aliyehojiwa yeyote wala kumpigia simu.

"Wiki mbili ni nyingi, Bosi," Dodoso alisema. "Yule mama anaweza kulisikia kisimani."

"Na ukimwambia yeye, kesho mtaa mzima utajua. Keshokutwa mji. Fikiria mbele kidogo, mwanangu. Mwezi ujao tunaanza utafiti wa watoto wanaokosa chanjo. Nani atatufungulia mlango?"

Dodoso alijua kwamba hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Aliwaona akina mama wakivuta mapazia. Aliwaona watoto wasiohesabiwa, kwa hiyo wasiopelekewa chanjo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amemwahidi yule mama.

"Ulimwahidi nini?"

Hapo ikambidi aeleze. Alipofika kwenye swali la watoto wa kuzaa, Mama Sare alikuwa amesimamisha mashine. Utaratibu ulitaka amsomee ile karatasi ya ridhaa tena, yenye maneno marefu kuhusu uhifadhi wa taarifa. Dodoso aliisoma, akaona mama haelewi wala haamini, akaweka kishikwambi chini. Akasema kwa maneno yake: haya hayatamfikia mtu, na ikitokea yakamfikia, nitakuja mwenyewe kukwambia, hutasikia kwa mwingine. Mama alimtazama, akasema: miaka ishirini nimekaa na jambo hili na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Ndipo akafungua moyo.

"Hukuruhusiwa kuahidi kitu kisichomo kwenye karatasi," Bosi alisema.

"Najua."

"Jumatatu unasaini mkataba wa kudumu. Nimeupigania huo mkataba mwaka mzima." Akavaa miwani, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko kufoka. "Ukienda kule kabla ya kamati, sitaweza kukutetea. Utarudisha kitambulisho, na hakuna ofisi ya utafiti itakayokuchukua tena. Unanielewa?"

Alielewa. Alirudi mezani, akakaa, akajaribu kupanga vishikwambi. Namba tatu, namba nne, namba tano. Dada wa mapokezi alimletea maji, akamwambia kwa kunong'ona asijitie kitanzi, wakubwa watamalizana wenyewe kwa wenyewe, yeye ale ujana wake. Alimaanisha wema. Dodoso aliyanywa maji yale hadi tone la mwisho, akafunga kabati, akachukua mkoba wake, akateremka ngazi.

Mtaani alifuata maelekezo yake mwenyewe, na kila alipopita alijiona jinsi alivyowafungulia watu njia. Duka la rangi. Nguzo iliyoinama. Ndiyo, mtu yeyote angefika. Alisimama mbele ya kile kiraka chekundu, akaita.

"Sukuma taratibu," sauti ilijibu kutoka ndani, "lina hasira leo."

Mama Sare alikuwa barazani nyuma ya mashine yake, kitambaa cha kijivu kimemfunika magoti. Alimtambua mara moja. Akafurahi, akamvutia kigoda, akamtania kwamba amekonda, je, huko ofisini wanakula makaratasi? Alilalamika kidogo kuhusu binti yake, ambaye mitihani imemmeza siku tatu hata simu hapokei, watoto wa siku hizi. Dodoso alisimama. Alihofia kwamba akikaa hatasema.

"Mama, nimekuja kwa ile ahadi," alisema.

Mkono wa mama ulikuwa kwenye gurudumu la mashine. Ulibaki pale.

Akamwambia. Hakupamba. Alisema faili liliwekwa mtandaoni, kwamba jina halimo lakini nyumba imo, geti limo, sare zimo, na majibu yote yamo. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeandika na yeye ndiye aliyesafisha. Alisema limesomwa na watu ambao hawezi kuwahesabu, wakiwemo wanafunzi wa chuo. Alijisikia akisema neno chuo, na akaona namna lilivyomwingia mwenzake, polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango.

Mama Sare hakupiga kelele. Kitambaa kiliteleza magotini kikaanguka, naye alikitazama kilivyoanguka kana kwamba si chake.

"Chuo," alirudia. "Binti yangu anasoma chuo. Anasoma hayohayo mahesabu ya watu." Kisha, "Hana mitihani."

Dodoso aliinama, akalitazama gurudumu la mashine.

"Alikuja kwenu?"

"Mama, hilo siwezi kulijibu."

Mama aliinua macho, na Dodoso hajawahi kutazamwa vile tena tangu siku ile. Hakukuwa na hasira machoni mle, na heri ingekuwepo. Kulikuwa na mshangao tu, mkubwa, wa mtu aliyegundua kwamba ukuta aliouegemea siku zote ulikuwa pazia.

"Leo," Mama Sare alisema, "ndiyo umejua kunyamaza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama aliokota kitambaa, akakikung'uta, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Akasema alikuwa amepanga kumwambia siku ya mahafali. Alikuwa amekwisha kuyachagua maneno. Aliyafanyia mazoezi hapa hapa barazani, mashine ikilia, asisikike. Aliuliza ni saa ngapi sasa, akaambiwa, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu na kujifunga kitambaa cha kichwa.

"Rafiki yake anakaa kule nyuma ya kiwanda cha sabuni," alisema, akimsemesha mtu asiyekuwepo. "Atakuwa huko." Halafu akamgeukia Dodoso. Siku ya mahojiano alimwita mwanangu. Sasa alisita mahali pa neno hilo, akaliruka. "Ungeweza kukaa kimya. Nani angejua?"

"Nilisema nitakuja."

"Watu husema." Alifunga mlango wa nyumba kwa ufunguo, akautia kifuani. "Usije tena hapa."

"Sawa, mama."

"Na wale wengine uliowahoji siku ile? Yule fundi redio, na mwalimu? Nao utawaacha wasikie kisimani?"

Dodoso alitikisa kichwa kwamba la. Mama Sare hakusema asante wala hakusema samahani. Alilishika geti kwa mikono miwili, akaliinua kidogo ili mgeni apite, akaliegesha, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea kiwandani, mkoba wake ukimpiga pajani.

Dodoso alibaki peke yake barabarani, jua la saa saba utosini. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yalimtoka sasa, akayafuta kwa kiganja, akaitoa simu mkobani. Bosi alikuwa amempigia mara tano. Hakungoja ya sita. Alipiga yeye.

"Uko wapi?" Bosi aliuliza, na ilisikika kwamba anajua.

"Niko kwake, Bosi. Nimemwambia."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mabati yakikatwa. Bosi akasema kitambulisho akiache mapokezi kabla ofisi haijafungwa, na mkataba wa Jumatatu asiuwaze tena.

"Nitakileta," alisema. "Nitachelewa kidogo. Kwa fundi redio ni hapa karibu."